Damu Haiuzwi, Basi kwa Nini Unaambiwa Ulete Ndugu?

Muuguzi alitoka chumba cha upasuaji akiwa na kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Shemeji yangu, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye tangu alfajiri alikuwa ameketi kwenye benchi la korido na kanga ya mkewe mapajani, alisimama. Mkewe, ambaye ni mdogo wangu, alikuwa amejifungua kwa upasuaji na damu ilikuwa bado haijakata, na chupa moja iliyokuwamo kwenye jokofu la hospitali ilikuwa imeshaanza kutumika. Kwenye karatasi paliandikwa kundi lake la damu, idadi ya chupa nyingine zinazohitajika, yaani 2, na chini yake maneno "ndugu 4 wachangie". Shemeji akauliza kwa upole, "Sista, si tunatangaziwa redioni kwamba damu ni bure?" Muuguzi, ambaye kwa sura alikuwa amechoka kuliko sisi, akamjibu, "Ni bure, kaka yangu. Lakini haipo."

Nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo tangu siku ile, kwa sababu mkanganyiko wote tulio nao kuhusu damu hospitalini umejificha kati ya "ni bure" na "haipo". Katika korido ile ile nilisikia mzee mmoja akisema kuwa damu zinazochangwa shuleni huuzwa usiku. Kijana mwingine aliyekuja kumsaidia jirani yake aligeuza njia na kuondoka, kwa kuwa yeye ni kundi B na mgonjwa ni kundi O, hivyo akaona hana msaada wowote. Mama mmoja alimkataza mtoto wake wa chuo asichangie, akihofia kwamba damu ikishatoka hairudi. Wote watatu walikuwa watu wa nia njema, na wote watatu walikuwa wamekosea kwa namna ambayo inagharimu uhai wa watu.

Tuanze na maneno yenyewe. Hospitalini watu husema "chupa ya damu" ingawa chupa za kioo ziliachwa zamani, na siku hizi damu hutunzwa katika mfuko laini wa plastiki ambao ndani yake tayari imo dawa ya kuizuia isigande. Chupa moja ni takriban mililita 450, kiasi ambacho hakijazi ile chupa ya maji ya nusu lita inayouzwa kwenye kituo cha daladala. Benki ya damu ni maabara pamoja na majokofu yanayotunza mifuko hiyo baada ya kupimwa. Mchangiaji wa hiari ni mtu anayejitokeza mwenyewe, hana mgonjwa wodini, halipwi, na hajui damu yake itakwenda kwa nani. Mchangiaji wa kufidia ni ndugu, jirani au rafiki anayeitwa kwa sababu mgonjwa fulani anahitaji damu, ili arudishe kile ambacho mgonjwa huyo amekitumia au atakitumia. Kwa macho watu hawa wawili hawatofautiani, kwa kuwa sindano ni ile ile na mfuko ni ule ule, lakini mengi nitakayoyaeleza hapa yanatokana na tofauti yao.

Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Ndani yake zimo chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni ya upagazi: hupakia oksijeni kwenye mapafu, huipeleka kwenye ubongo, moyo na misuli, kisha hurudi kupakia tena. Imo plazma, ambayo ni majimaji ya rangi ya manjano yanayobeba protini, zikiwamo zile zinazosaidia damu kuganda. Zimo pia chembe sahani, ambazo hukimbilia mahali palipochanika na kupaziba. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hupoteza vyote vitatu kwa pamoja, na anaweza kufa ndani ya saa 2. Mtoto mwenye malaria kali hatokwi na damu hata tone, lakini vimelea vinapasua chembe nyekundu ndani ya mwili wake mpaka wapagazi wanabaki wachache mno, ndiyo maana utamwona anahema kama aliyekimbia ilhali amelala mgongoni mwa mama yake. Mgonjwa wa selimundu naye huzaliwa na chembe zinazopinda na kufa mapema, na kwa Tanzania inakadiriwa kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Ukiwaongeza majeruhi wa ajali za barabarani, umepata picha ya wanaotegemea jokofu la damu katika hospitali zetu nyingi.

Mpaka leo hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza damu. Dawa ikiisha wilayani inaweza kuagizwa bohari, na mashine ikiharibika inaweza kuazimwa hospitali ya jirani, lakini damu chanzo chake ni mkono wa mtu mzima aliye na afya, na hakuna chanzo kingine.

Benki isiyo na akaunti

Nadhani neno "benki" limetupotosha kidogo. Tukilisikia tunafikiria akaunti, na kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba aliyechangia mara 3 ana chupa zake 3 zimewekwa mahali zikimsubiri. Siku akiugua na kuambiwa damu haipo, huona ameibiwa. Ukweli ni kwamba kadi ya mchangiaji ni kumbukumbu ya uchangiaji wake, haina salio. Chupa aliyoitoa Machi ilikwisha kutumika Machi au Aprili, pengine kwa mama asiyemjua, katika wilaya ambayo hajawahi kufika.

Jambo la pili ambalo neno hilo hutuficha ni kwamba damu inaharibika. Damu si mahindi, ambayo unayaweka ghalani mpaka njaa ije; damu ni kama maziwa. Chembe nyekundu zikitunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 6 hudumu siku 35, au 42 zikiwekewa dawa ya ziada ya kuzihifadhi. Chembe sahani hudumu siku 5 tu, tena hazitaki baridi, bali huwekwa kwenye nyuzijoto 20 hadi 24 juu ya kifaa kinachozitikisa polepole mchana na usiku. Plazma peke yake ndiyo yenye subira, kwa kuwa ikigandishwa barafu inaweza kukaa mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo hata watu elfu moja wakijitokeza leo uwanjani kwa hamasa kubwa, baada ya wiki 5 au 6 chembe nyekundu zitakuwa ama zimetumika ama zimemwagwa. Hospitali haihitaji siku moja ya watu elfu. Inahitaji watu kadhaa kila siku, mwaka mzima.

Sasa tuufuate mfuko mmoja. Mchangiaji hufika, hujaza fomu ya maswali kuhusu afya yake na mwenendo wake, hupimwa uzito na shinikizo la damu. Anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Kisha huchomwa kidole. Katika vituo vingine tone la damu hiyo hudondoshwa kwenye kikombe chenye maji ya buluu, ambayo ni mchanganyiko wa dawa ya shaba: likizama moja kwa moja, damu ina wapagazi wa kutosha, na likibaki linaelea au kusitasita, mtu huyo anashukuriwa na kushauriwa arudi baada ya kula vizuri na kutibiwa. Siku ile ya mdogo wangu nilisimama nikalitazama tone la mpwa wangu mmoja, kijana mwenye kifua kipana wa kubeba magunia, likielea juu ya maji ya buluu kama halitaki kushuka. Sura yake ilibadilika. Alikuwa na upungufu wa damu na hakuwa anajua, na hiyo nayo ni faida ya kufika pale.

Aliyepita hulala au huegemea kiti, na kwa dakika 10 hivi mfuko hujaa. Pembeni huchukuliwa vichupa vidogo vya sampuli, kwa kuwa mfuko wenyewe hauruhusiwi kwenda kwa mgonjwa kabla sampuli hazijapimwa Virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C na kaswende, na kabla kundi halijathibitishwa. Mfuko wenye tatizo hutupwa. Mfuko salama huwekwa kwenye rafu ya jokofu, na daktari akiomba damu, mtaalamu wa maabara huchanganya kiasi kidogo cha damu ya mfuko na damu ya mgonjwa kuona kama zinapatana. Tangu mfuko unapotoka kwenye jokofu hadi tone la mwisho linapoingia mwilini, muda usizidi saa 4, la sivyo vijidudu vinaweza kuanza kuzaliana ndani yake.

Ukiifuata safari hiyo utaelewa jambo linalowachanganya ndugu wengi: damu unayotoa saa 6 mchana kwa kawaida siyo itakayoingia kwa mgonjwa wako saa 6 na nusu. Penye akiba, mgonjwa hupewa ya rafuni, nawe unaijaza rafu. Pasipo na akiba, inabidi mgonjwa asubiri vipimo, na kwa mama anayevuja damu kusubiri huko ndiko kunakoua.

Kundi langu si lake, nifanye nini?

Kuhusu makundi ya damu, mfikirie mlinzi aliye getini. Chembe nyekundu za mtu wa kundi A zimevaa beji A, za kundi B zimevaa beji B, za AB zimevaa zote mbili, na za O hazina beji. Walinzi wa mwili hushambulia beji wasiyoizoea, na mashambulizi hayo yanaweza kumwua mgonjwa kwa muda mfupi. Karl Landsteiner, mwanasayansi wa Vienna, ndiye aliyelieleza jambo hili katika maandiko yake ya 1901, na tarehe yake ya kuzaliwa, 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani. Kwa kuwa chembe za O hazina beji, zinaweza kupewa karibu kila mtu, ila zipo alama nyingine za kuangaliwa, hasa ile inayoitwa Rh, ambayo hufanya tuseme O chanya au O hasi. Katika Afrika Mashariki O ndilo kundi lenye watu wengi kuliko mengine, na watu wa Rh hasi ni wachache sana, ndiyo maana mwenye Rh hasi anapoumia hutafutwa wenziwe kwa simu wilaya nzima.

Lakini yule kijana wa kundi B aliyeondoka koridoni hakuhitaji kujua lolote kati ya hayo. Anayefidia haulizwi kundi, kwa sababu mfuko wake unakwenda kwenye rafu ya wote, na kesho kutwa atakuja mgonjwa wa B. Nilitamani mtu amweleze kabla hajafika getini.

Bure maana yake nini

Mvua ni bure, lakini bomba, tangi na pampu vina gharama. Damu nayo ni hivyo. Anayechangia halipwi, na katika hospitali za umma nchini Tanzania damu haiuzwi, wala haipaswi kuuzwa. Hata hivyo mfuko wenyewe umenunuliwa, na kila kitendanishi (dawa ya maabara) cha vipimo vinne vile kimenunuliwa pia, jokofu linahitaji umeme usiokatika, gari linahitaji mafuta, na mtaalamu wa maabara anahitaji mshahara. Gharama hizo hubebwa na serikali na wafadhili. Katika hospitali binafsi mgonjwa anaweza kukuta kwenye ankara malipo ya kuandaa damu na kuipima, na malipo hayo yanakuwa na risiti. Anayekudai pesa mkononi, pembeni, ili "akutafutie chupa", huyo haandai damu bali anauza dhiki yako, na anapaswa kuripotiwa kwa uongozi wa hospitali siku hiyo hiyo. Sitaki kusema kwamba jambo hili halitokei. Ninasema kwamba hutokea zaidi pale jokofu linapokuwa tupu, kwa kuwa dalali hapati soko mahali penye bidhaa tele.

Uchangiaji wa malipo una hatari nyingine ambayo si ya kimaadili tu. Mwenye shida ya pesa ana sababu ya kuficha kwamba aliugua homa ya ini, au kwamba wiki iliyopita alijiweka katika hatari ya kuambukizwa. Vipimo ni vizuri, lakini katika siku za mwanzo za maambukizi kuna kipindi ambacho virusi vimo mwilini na kipimo bado hakivioni. Ukweli wa mchangiaji ndio unaoziba pengo hilo, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, tangu 1975, uzitake nchi zijenge huduma ya damu juu ya watu wa hiari wasiolipwa.

Hapa ndipo imani ya kwamba damu ya ndugu ni salama zaidi inapovunjika. Ndugu aliyeitwa usiku, huku shemeji na mama mkwe wakimtazama, anawezaje kusema mbele yao kwamba yeye hafai kuchangia, na kwa sababu gani? Ataingia, atajibu "hapana" kwa kila swali, atatoa damu. Mchangiaji wa hiari anayerudi kila baada ya miezi kadhaa hana shinikizo hilo, na tayari amepimwa mara nyingi. Madaktari hawapendi pia kumwongezea mgonjwa damu ya mzazi au mtoto wake wa kumzaa bila maandalizi maalumu, kwa kuwa chembe za ulinzi za ndugu wa karibu sana zinaweza, ingawa ni nadra, kujipenyeza na kuushambulia mwili wa mgonjwa bila kutambuliwa kuwa ni wageni. Mwanamke anayetarajia kuzaa tena naye hashauriwi kuongezewa damu ya mumewe, kwa sababu mwili wake unaweza kujifunza kuzipinga alama za mumewe, kisha ukaja kumdhuru mtoto atakayezirithi.

Ila kinachoniuma kuliko yote katika utaratibu wa kufidia ni kwamba haki ya mgonjwa inapimwa kwa wingi wa watu wake. Mwenye ukoo mkubwa mjini, mwenye kundi la WhatsApp la kanisa au la msikiti, mwenye wafanyakazi wenzake, huleta watu 4 kabla ya adhuhuri. Dada wa kazi aliyetoka mkoa mwingine, mchimbaji mdogo, mfugaji aliyeshushwa na lori mbele ya lango la hospitali, hao wataleta nani? Sisi tulikuwa wageni katika wilaya ile. Shemeji alitoka nje akaenda kwenye kijiwe cha bodaboda, akawaeleza vijana asiowajua, na wawili wakaziacha pikipiki zao wakamfuata. Mimi nikawa wa tatu, na wa nne alikuwa mlinzi wa duka la dawa.

Kwa nini jokofu huwa tupu

Shirika la Afya Duniani limekuwa likitumia kipimo rahisi: nchi ikikusanya chupa zinazolingana na asilimia 1 ya watu wake kwa mwaka, inaweza kukidhi mahitaji ya msingi kabisa. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, hivyo asilimia 1 ni zaidi ya chupa 600,000 kwa mwaka. Makusanyo yetu yamekuwa chini ya hapo kwa miaka mingi, ijapokuwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza katikati ya miaka ya 2000, umejenga vituo vya kanda na kuleta mabadiliko makubwa kutoka siku ambazo kila hospitali ilijitafutia yenyewe.

Zipo sababu za majira ambazo hatuzizungumzii vya kutosha. Katika nchi zetu wachangiaji wengi wa hiari ni wanafunzi wa sekondari na vyuo, kwa kuwa gari la damu salama likienda shule moja hupata mamia ya vijana wenye afya mahali pamoja. Shule zikifungwa Juni na Desemba, chanzo hicho kinakauka. Wakati huo huo, mvua za masika zikishapita, malaria hupanda, na wodi za watoto hujaa wale wanaohema mgongoni mwa mama zao. Mahitaji yanapanda katika mwezi ule ule ambao wachangiaji wamekwenda likizo, na siku 35 za damu ya Mei haziwezi kutufikisha mbali. Mwezi wa Ramadhani nao makusanyo hupungua, kwa sababu waliofunga huahirisha.

Sababu nyingine ni fedha. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa kwa bomu na zaidi ya watu 200 kuuawa, wananchi walipanga foleni kuchangia damu kwa moyo ambao waliokuwapo hawawezi kuusahau, lakini siku ile ilidhihirisha pia kwamba hapakuwa na huduma ya kitaifa ya kupokea, kupima na kusambaza kwa kiwango hicho. Kenya ikajenga huduma hiyo, kwa sehemu kubwa kwa msaada wa Marekani. Msaada huo ulipokoma 2019, uhaba ulijitokeza haraka, na hospitali zikarudi kuwaambia ndugu walete watu. Wakenya hawakuwa wamepoteza ukarimu ndani ya miezi michache. Kilichopungua ni mifuko, vitendanishi na mafuta ya gari.

Umbali nao una sehemu yake. Hospitali ndogo haiwezi kutunza kila kundi la damu, kwa kuwa chupa za makundi adimu zitaharibika kabla hazijapata mgonjwa, na ikiacha kuzitunza, atafika mgonjwa anayezihitaji usiku wa manane. Rwanda, ambayo hutegemea wachangiaji wa hiari, ililishughulikia hilo kwa kutunza damu mahali pamoja na kuirusha. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani huondoka Muhanga zikiwa na mifuko ya damu, hufika juu ya hospitali ya vijijini, na kudondosha boksi lenye mwavuli. Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba damu ilifika mapema kuliko kwa gari, na kwamba chupa zilizoharibika kwa kupitwa na muda zilipungua kwa zaidi ya nusu. Milima ya Rwanda si sawa na nyanda za Tabora, na sisemi tuige kila kitu, lakini hesabu ya kupunguza damu inayomwagwa inatuhusu sote.

Njia nyingine ya kujaza jokofu ni kutoitoa damu bila sababu. Wako wanaoamini kwamba kuongezewa damu ni kama kuongezewa nguvu, na humshinikiza daktari. Kumbe upungufu mwingi wa damu hutibika kwa vidonge vya madini chuma, dawa za minyoo na matibabu ya malaria. Utafiti mkubwa uliofanywa Uganda na Malawi na kuchapishwa 2019 ulionyesha kwamba watoto wenye upungufu mkali lakini wasio na dalili za hatari hawakupungukiwa na nafasi ya kupona kwa kutoongezewa damu papo hapo, mradi walifuatiliwa kwa karibu na kuongezewa pale hali ilipobadilika. Kwa upande wa kina mama, utafiti uliochapishwa 2023 na uliohusisha hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulitumia kifaa cha bei ndogo: mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo unaowekwa chini ya mama, ili mkunga aone kwa mililita kiasi kilichotoka badala ya kukadiria kwa macho kwenye shuka. Pamoja na kutoa matibabu yote kwa mkupuo mara tu mstari wa hatari unapofikiwa, utokaji damu mkali na madhara yake makubwa ulipungua kwa asilimia 60. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki na kuvimeza, badala ya kuviacha kabatini, naye anaingia leba akiwa na akiba yake mwenyewe.

Nirudi kwa yule mama aliyemzuia mwanawe. Damu iliyotoka inarudi. Majimaji hurudi ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana unaambiwa unywe maji mengi, na chembe nyekundu hujazwa tena katika wiki chache, kwa kuwa mwili kila siku unatengeneza mpya, ukichangia au usichangie. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi kisha hufa zenyewe. Madini ya chuma ndiyo huchelewa, na kwa sababu hiyo mwanaume huambiwa asubiri miezi 3 na mwanamke miezi 4. Sindano ni mpya, hufunguliwa mbele yako na kutupwa, kwa hiyo hakuna njia ya kuambukizwa ugonjwa kwa kuchangia. Wapo wanaopata kizunguzungu kidogo, hasa waliokuja bila kula. Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa na aliyekunywa pombe wasichangie.

Mdogo wangu alitoka hospitali siku ya sita na mtoto wa kike. Shemeji hakuwasahau wale vijana wawili wa bodaboda. Walibadilishana namba, na sasa huenda pamoja kila miezi 3 kwenye kituo cha damu, na wengine wa kijiweni wameongezeka. Mara ya mwisho niliandamana nao ilikuwa 20 Juni, shule zimefungwa, na ukumbi ulikuwa na watu 5 tu, wote sisi. Mhudumu alibandika lebo kwenye mfuko wa shemeji, akaandika namba bila jina, kundi, na chini kabisa tarehe ya mwisho wa matumizi: 25 Julai.